Tanki Tupu Ndilo la Kuogopa
(Mhadhara kwa madereva wa malori ya mafuta, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za safari? Najua wengine mmefika usiku kutoka Tanga, kwa hiyo sitawachosha.

Nianze na swali. Ukiwa umepakia petroli tanki zima, unaendeshaje? Taratibu. Na ukishashusha Arusha, unarudi vipi? (Kicheko.) Haya, mmejijibu wenyewe. Ugomvi wangu na ninyi leo uko hapo.

Petroli yenyewe haiwaki, unawaka mvuke wake. Na mvuke huo unatoka wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo ubaridi wa Ngaramtoni usikudanganye. Ila una masharti: ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa, hauwaki; ukizidi asilimia 7.6 hivi, nao hauwaki. Ndani ya tanki lenye petroli, mara nyingi mvuke umezidi. Ukishusha, hewa inaingia kushika nafasi ya mafuta, mvuke unapungua, mpaka unafika palepale pa kulipuka. Fundi wa kuchomelea akikwambia, "Lete nizibe huo ufa, si tupu?" mshukuru, uwashe gari uondoke. Tanki lisafishwe, mvuke utolewe, lipimwe kwa kifaa, ndipo moto usogee.

Sasa kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hulipuuza. Jana ulibeba petroli, leo unapakia dizeli tanki lile lile. Unajiambia dizeli ni mpole. Kweli, dizeli peke yake ni mpole. Lakini inapoingia inaufyonza ule mvuke wa petroli uliobaki, na mvuke uliokuwa umezidi unashuka mpaka kwenye kiwango cha kuwaka. Wakati huohuo mafuta yanayopita kwenye bomba yanazalisha umeme tuli. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme huo ardhini, unafungwa kabla ya bomba kugusa tanki, unafunguliwa mwisho kabisa, na mwanzoni mafuta yaingie polepole. Utingo akisema waya umekatika, hupakii. Bosi akipiga simu kugomba, agombe.

Nusu tanki nayo ina visa vyake. Kuta za ndani zenye matundu zinapunguza mafuta kukimbilia mbele na nyuma, lakini ubavuni hazikusaidii. Ukiingia kona, mafuta yanapanda upande wa nje na kulivuta gari. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 60, nguvu ya kukutupa nje haiongezeki nusu, inazidi mara mbili. Punguza kabla ya kona, si ndani yake. Na mteremko wa Kikafu, gia ndogo ishikwe juu kabla hujaanza kushuka. Breki zikishachemka katikati ya mteremko, huna gia ya kurudia. Wanaoshuka na gia huru ili kuokoa mafuta, sina la kuwaambia kwa adabu.

Likipinduka? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, likawaka. Walikufa zaidi ya 100. Dereva mmoja hawezi kuzuia umati, tusidanganyane. Unachoweza ni dakika zile za kwanza: zima injini na swichi kuu ya betri, piga 114 Zimamoto, na anayekuja kwanza mwambie ni petroli, waziwazi, kwa sauti. Watu wakae upande upepo unakotokea, mahali pa juu, maana mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unatambaa kwenye mitaro. Ile namba 1203 kwenye kibao cha rangi ya chungwa ndiyo petroli, 1202 ni dizeli. Zimamoto wakiuliza, wasomee. Kibao kilichojaa matope hakimsaidii mtu.

Maswali tutayamaliza uani. Kuna malori mawili pale nje. Kila mmoja aje anionyeshe waya wa ethi unafungwa wapi, tuanze na wale wanaocheka kule nyuma.