Jina la mji limepita mdomoni mwa nani?

Wanafunzi wangu wa tafsiri, nanyi ndugu waandishi wa habari mliokuja kutusikiliza jioni hii, karibuni.

Ubaoni nimeandika maneno mawili: Kiev na Kyiv. Mji ni mmoja, mji mkuu wa Ukraine. Mmeniuliza, tunapoandika Kiingereza tuandike lipi? Na baadhi yenu mmeongeza kwamba hizi ni herufi tu, tunasumbuliwa bure.

Andikeni Kyiv. Nami sikubali kwamba ni herufi tu.

Kwa Kiukraine jina hili lina herufi nne: Київ. Zihamishe moja moja kwenda herufi za Kilatini, unapata K, y, i, v. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kiev ni umbo la Kirusi. Mji ulikuwa chini ya dola ya Urusi, kisha chini ya Umoja wa Kisovieti, na mgeni aliyeuliza jina lake alijibiwa kwa lugha ya mtawala. Mwaka 1876 Tsar Alexander wa Pili alitia saini amri iliyobana vikali uchapishaji wa vitabu kwa Kiukraine, na kupiga marufuku kuviingiza kutoka nje. Sasa fikirini mchora ramani wa London wa zama hizo. Jina la Kiukraine angelipata wapi?

Nchi ikajitawala mwaka 1991, na mwaka 1995 serikali yake ikaamua kwamba kwa herufi za Kilatini mji wao uandikwe Kyiv. Dunia ilichelewa sana kusikia. Mwaka 2018 wizara yao ya mambo ya nje ilianzisha kampeni ya kuwaomba wahariri na viwanja vya ndege vya kigeni wabadilishe. Juni 2019 bodi ya Marekani inayosimamia majina ya mahali ikakubali, Agosti shirika la habari la Associated Press likafuata, Oktoba BBC. Ziangalieni tarehe hizo, kwa sababu nasikia mara nyingi kwamba Kyiv ni mtindo ulioletwa na vita vya Februari 2022. Uamuzi ulitangulia.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kiingereza kinasema Moscow wakati Warusi wanasema Moskva, kinasema Warsaw wakati Wapoland wanasema Warszawa, na hakuna anayelalamika. Kwa nini Kyiv pekee? Kila lugha ina haki ya kuulainisha mji wa watu kwa ulimi wake. Sisi tunasema Maskati, Mwingereza anasema Muscat, na Mwomani hanuni, maana kila mmoja wetu amelichukua jina na kulipinda mwenyewe. Sisi tulilichukua kwa wenye mji, kwa njia ya majahazi. Kiev haikupindwa na Mwingereza. Alikabidhiwa ikiwa imeshapindwa, na aliyempa ni yule aliyewatawala wenye mji. Ndiyo maana ninawahimiza kila mara kuuliza jina limepita mdomoni mwa nani kabla ya kutufikia.

Hapa kuna kosa ninalolikuta hata kwenye kazi nzuri. Mtu anaandika kwa Kiingereza kwamba Kyiv “zamani uliitwa Kiev”, kama tunavyosema Kinshasa uliitwa Léopoldville hadi 1966, au Harare uliitwa Salisbury hadi 1982. Miji hiyo ilibadilishiwa jina. Kyiv haukubadilishiwa chochote. Wenyeji waliuita Kyiv wakati wote huo, na kilichobadilika ni maandishi ya wageni. Ukiandika “zamani”, unawanyang'anya historia yao kwa neno moja. Na kwenye Kiingereza hicho hicho, msiweke “the” mbele ya Ukraine. Neno hilo linaifanya nchi isikike kama jimbo la nchi nyingine.

Matamshi yanatufaa sisi zaidi ya Waingereza, ambao wengi wao hulibana jina likawa silabi moja, “Kiiv”. Lina silabi mbili: Ki-yiv. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, yaani ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Ile “i” ya kwanza ishusheni kidogo ielekee “e”, na “v” ya mwisho ilegezeni ikaribie “u”. Ninyi mliotoka Uganda, msiisome “ky” kama ya Ziwa Kyoga. Hapa “y” ni irabu kamili.

Umbo la zamani bado lina mahali pake. Ukimnukuu mtu aliyeandika Kiev, usimsahihishe ndani ya nukuu. Jina la kitabu kilichochapishwa hivyo liache. Na kile chakula cha kuku aliyejazwa siagi, “chicken Kiev”, Associated Press wenyewe walikiacha na jina lake.

Miji mingine ya nchi hiyo inafuata hoja hiyo hiyo: Kharkiv, si Kharkov, Lviv, si Lvov, Odesa yenye “s” moja, na ndivyo UNESCO ilivyouandika ilipouingiza katika urithi wa dunia Januari 2023.

Chukueni sasa zile habari tano mlizotafsiri wiki iliyopita. Mwenye kalamu nyekundu aishike, lakini kwanza tulitamke jina hili pamoja, polepole. Ki-yiv.