Jinsi ya Kuchagua DVD Tupu kwa Rekoda ya Zamani

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunachagua DVD tupu kwa rekoda za zamani, zile zinazokaa chini ya televisheni na ambazo wengi bado wanazitumia kuhamisha kanda za VHS.

Anza na mashine yenyewe. Washa tochi, soma nembo kwenye mlango wa trei. Utaona R (diski ya kurekodi mara moja tu), RW au RAM (zinazofutika na kurekodiwa tena). Sasa tazama alama iliyo kabla ya R: ni kistari au ni jumlisha? DVD-R na DVD+R zote ni GB 4.7 na kwa macho zinafanana, lakini mifumo yake ni tofauti. Rekoda za mwanzo za Philips zilikuwa za jumlisha, za Pioneer zilikuwa za kistari, na Panasonic nyingi za miaka ile zilipokea DVD-RAM na DVD-R tu. Ukiona "DVD Video" peke yake, hiyo ni nembo ya kucheza, haihusu kurekodi.

Sasa kasi, na hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Kwenye pakiti kuna 4x, 8x, 16x. Usichukue kubwa ukidhani ndiyo bora. Ukihamisha kanda ya saa mbili, kazi itachukua saa mbili, diski iwe ya kasi gani. Kasi inakufaa tu unapokopi kutoka HDD, yaani diski kuu ya kuhifadhia, iliyo ndani ya rekoda. Tena leza lazima ijue itumie nguvu kiasi gani kwa kila aina ya diski, na maelekezo hayo yamo kwenye programu ya mashine. Kama programu iliandikwa kabla diski za 16x hazijatoka, mashine inabahatisha: ama inaikataa diski, ama inarekodi halafu picha inakwama baadaye.

Kwa hiyo DVD-R au DVD+R, tafuta ya 8x. Ukipata 16x tu, nunua moja, usinunue boksi. Kwa zinazofutika, kuwa makini zaidi: DVD+RW ya 8x haiandikiki kabisa kwenye mashine iliyoishia 4x, basi chukua ya 4x. DVD-RW, chukua ya 2x. DVD-RAM ya 12x iache dukani. Na zile za tabaka mbili, GB 8.5, usiziguse kama kitabu cha mashine hakijazitaja.

Tujaribu sasa. Shika diski kwa ukingo, itie, chagua SP (kiwango cha ubora kinachojaza diski kwa saa mbili), rekodi saa mbili kamili ili ijae. Kwa nini ijae? Kwa sababu uandishi unaanzia katikati kwenda nje, na makosa mengi hutokea ukingoni. Ukiishia dakika kumi hujajaribu kitu. Kisha, kwa diski ya R, ingia kwenye menyu ubonyeze Finalize, usubiri mpaka imalize. Umeme ukikatika hapo, diski inaweza kuharibika moja kwa moja. Usipofanya hatua hii, deki nyingine nyingi hazitaisoma.

Ipeleke kwenye deki nyingine, ruka hadi dakika kumi za mwisho. Picha ikigandaganda, badilisha aina ya diski. Ikipita vizuri, rudi dukani na pakiti ile ile mkononi. Jina likiwa hilohilo lakini nchi ya utengenezaji imebadilika, nunua moja tena uijaribu kwanza.