Mtoza ushuru hana kisiwa

IDI: Haya, karibuni tena. Leo tumeahidi mambo matano ya kujua kabla hujapeleka mchoro wako kwa fundi wa leza. Nimeyaandika, ninayo hapa...

ZUWENA: Shem, weka karatasi chini. Shika hii kwanza.

IDI: Eeh! Ndiyo ramani ya Zerani yenyewe, ile nchi uliyoitunga kwenye hadithi yako? Nzito! Wasikilizaji, nimekabidhiwa nchi nzima mkononi. Shemeji yenu kaichukua Jumamosi, na tangu hapo mke wangu anapigiwa simu usiku kuelezwa habari za gundi.

ZUWENA: Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeuliza.

IDI: Alisema "hujambo dada". Basi.

ZUWENA: (anacheka) Itazame vizuri. Plaiwudi ya milimita tatu, tabaka tisa. Nne za bahari, tano za nchi kavu. Bahari nimeipaka nila kule chini kabisa, kila nikipanda tabaka naongeza maji kwenye rangi, mpaka ufukweni inakaribia kupotea. Nchi kavu sijaigusa. Leza ikikata inaunguza ukingo, unakuwa kahawia iliyoiva, kwa hiyo kila kimo kimejichorea mstari wake.

IDI: Imependeza, sikufichi. Ila hapa kaskazini ya Kaleo naona mchoro wa kisiwa, kisiwa chenyewe sikioni.

ZUWENA: Hicho ni Kidonge.

IDI: Kidonge? Kidonge cha Mzee Sefu, mtoza ushuru?

ZUWENA: Kimeanguka.

IDI: Kimeanguka wapi?

ZUWENA: Ndani ya mashine. Pale chini ubao unalala juu ya meza yenye matundu matundu, ili mwali ukishapenya uende zake na moshi uvutwe. Sasa kipande kikiwa kidogo kuliko tundu, kikikatika tu, kwaheri. Kidonge kina milimita nne.

IDI: Na huu mchoro uliobaki?

ZUWENA: Ni alama ya kubandikia. Kila tabaka nimelichorea kwa leza hafifu umbo la tabaka litakalokaa juu yake, ili nisibahatishe wakati wa gundi.

IDI: Kwa hiyo kiwanja kipo, mipaka ipo, bikoni zipo, kisiwa hakipo! Mzee Sefu ana hati ya maji!

ZUWENA: Usimcheke mzee wa watu.

IDI: Si yeye aliyempokonya bibi kizaa mbuzi sura ya pili? Zerani wamesamehewa kodi mwaka huu!

ZUWENA: Ngoja, hujasikia. Fundi kavuta trei ya chini, kakung'uta majivu, kaniwekea mezani vipunje kibao. Vya kazi za watu wengine. Vipande vya hereni, vijicho vya samaki, sijui nini. Ananiuliza, "Dada, kisiwa chako ni kipi hapa?"

IDI: Ukajibu nini?

ZUWENA: Kimoja kilikaribia. Cha mviringo, kimechongoka kidogo. Kumbe ni tumbo la herufi O, la kibao cha harusi ya watu.

IDI: Mzee Sefu kahamia harusini!

ZUWENA: Nimekichukua. Kiko kwenye pochi.

IDI: Usikibandike! Anakaa ndani ya O ya ndoa ya watu, atadai ushuru kwenye mahari!

ZUWENA: Na kadi ya mchango atatoa yeye.

IDI: "Single ushuru elfu hamsini, double laki." Zuwena, naomba sura mpya. Leo leo.

ZUWENA: Turudi kwenye kazi bwana. Dawa ya hilo ni kuacha vidaraja. Kwenye faili unauvunja mstari wa kukata mahali padogo sana, kipande kinabaki kimeshikiliwa, baadaye unakitoa kwa kisu. Au unabandika tepu ya karatasi juu na chini ya ubao, inashika vipande na inazuia madoa ya moshi.

IDI: Hilo lilikuwa namba tatu kwenye karatasi yangu. Umelichoma.

ZUWENA: Liweke tiki.

IDI: Sawa, nina swali la kweli sasa. Yule binti wa hadithi yako, Tatu, kwenye sura ya nne anasimama ufukweni Mchangani anaiona taa ya Kaleo. Sivyo?

ZUWENA: Ndivyo.

IDI: Mimi nimeuinua ubao usawa wa jicho. Kati ya Mchangani na Kaleo umeweka mlima Ngole. Tatu haoni kitu.

ZUWENA: Ni kwa sababu vimo vimekuzwa. Sentimita moja ni kilomita moja, kwa hiyo unene wa ubao ungekuwa mita 300 kwa haki. Mimi kila ubao wa nchi kavu nimeuita mita 50, wa bahari 200. Usipokuza huoni chochote. Chukua hapa kwetu: mkondo wa kati ya Unguja na bara, kina cha mita 60 hivi, kwa kipimo kile ni sehemu ya tano ya ubao. Mkondo wa Pemba ndio wenye shimo, mita 800, na huo ungekuwa karibu mbao tatu tu. Na ndio nilioufuata kuchora bahari yangu.

IDI: Nakubali umekuza. Lakini umekuza nchi kavu yote sawasawa. Ufukwe, mlima, mji, vyote mara sita. Mstari wa jicho ulionyooka unabaki umenyooka. Kilichozibwa kwenye ubao kimezibwa Zerani.

ZUWENA: Tabaka ni ngazi, shem. Kilima cha mita 151 na cha mita 199 vinakaa ubao mmoja. Ubao haujui Ngole ina urefu gani hasa.

IDI: Chukua 151, ndogo kabisa. Kaleo mpe 99, kubwa kabisa. Mlima uko katikati ya njia. Bado anazibwa.

ZUWENA: Taa iko mnarani.

IDI: Mnara wa mita 200?

ZUWENA: Zerani kuna mafundi.

IDI: Badilisha sura ya nne.

ZUWENA: Sibadilishi. Wasomaji wangu kwenye kundi wameiona ile taa, kuna mama alinitumia sauti analia. Leo plaiwudi iwaambie hawakuona?

IDI: Basi usiiite ramani. Mwandishi Stevenson mwaka 1881, kule Scotland, alichora kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe, riwaya yake ya Treasure Island ikatoka humo. Ramani ilitangulia, hadithi ikaitii.

ZUWENA: Malizia sasa. Ramani ile ikapelekwa kwa mchapishaji ikapotea, akalazimika kukaa na kitabu, anasoma maneno yake mwenyewe, achore upya. Hapo nani alimtii nani?

IDI: Alipochora upya hakuweka mlima mbele ya taa.

ZUWENA: Hakuwa na taa ya kwangu.

IDI: Mimi nakata Ngole kwa msumeno.

ZUWENA: Thubutu.

IDI: Nikishika ubao nataka kuuamini. Ndiyo maana ya kuutoa kichwani ukaugusa.

ZUWENA: Na mimi nataka ufuate mwendo wa Tatu kwa kidole. Hesabu ya macho ufanye kwenu.

IDI: Hatujaelewana.

ZUWENA: Hatujaelewana hata kidogo. Nani anagonga?

IDI: Kwaya. Chumba ni chao kuanzia saa kumi. Jamani, dakika mbili! Haya, namba moja haraka: mwali wenyewe unakula ubao, mara nyingi milimita 0.1 mpaka 0.2, kwa hiyo vipande vya kuchomekana...

ZUWENA: Shem, hutamaliza. Waambie la plastiki ya PVC tu.

IDI: Ndiyo, PVC! Usimpelekee fundi PVC akate kwa leza. Inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inakula mapafu yake na chuma cha mashine. Plastiki usiyoijua jina, usikate. Namba mbili, plaiwudi ya bei chee ina viraka vya gundi ndani, leza inafika pale ina...

ZUWENA: Wameshaingia na kinanda.

IDI: Shikamoo mama. Ndiyo, tunatoka. Zuwena, chomoa maiki ya...