Silaha Ndogo: Udogo Wake Uko Wapi?

Wakubwa, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie "silaha ndogo", maneno ambayo waandishi wa habari wanayapenda mno.

Muulize mtu yeyote sokoni silaha ndogo ni ipi, atakutajia bastola, pengine na kisu. AK-47 hatoitaja, hiyo kwake ni bunduki, tena ya vita. Lakini katika Itifaki ya Nairobi, mkataba wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wa kudhibiti silaha, uliotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, AK-47 ni silaha ndogo, na baadhi ya bunduki za rashasha zimo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwishaweka mpaka huo mwaka 1997: iliyotengenezwa itumiwe na mtu mmoja ni ndogo, inayotaka kikosi cha watu wachache ni nyepesi. Anayepimwa hapo ni mbebaji. Madhara hayamo kwenye hesabu.

Kwa Kiswahili neno "ndogo" linapoza. Jambo dogo, homa ndogo, yaani usihangaike. Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha 5,250 pale Ngong, na lundo lote lile jina lake ni silaha ndogo! Mimi hapo masikio yangu yanakataa.

Na wala hatuna uhaba wa maneno. Bastola mtaani inaitwa mguu wa kuku, ukiitazama umbo utaelewa. Polisi wa Tanzania wakikamata bunduki ya kijeshi husema "SMG", na msikilizaji wa kijijini anaelewa bila kujua herufi zinasimamia nini. Zamani kulikuwa na bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, na mara nyingi cheche hazikushika. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mume asiye na faida wanawake humwita mume gumegume.

Kisha lipo gobore, ambalo bado liko hai. Mwindaji anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anafuatisha kitambaa, anatia vipande vya chuma, anashindilia kwa mdeki, ndipo anaweka fataki, kile kidude cha kuwashia baruti. Akikosa shabaha, aanze upya, na digo… samahani, digidigi hamsubiri! Mafundi wa vijijini hulitengeneza wenyewe kwa mabomba.

Sasa fikirieni tangazo: "Wananchi wote wasalimishe silaha ndogo." Mwenye gobore analisikia akiwa ameketi barazani, anaona halimhusu. Lake ni refu, likisimamishwa linamfika kifuani. Hajakaidi serikali, ameelewa Kiswahili kama alivyofundishwa na mama yake.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika matangazo, tajeni vitu kwa majina: magobore, bastola, SMG, na risasi zake. Baruti na fataki nazo zitajwe peke yake, maana mwenye gobore hana risasi ya kusalimisha.