Kufungua Muziki Harusini: Rumba Kwanza, Sebene Baadaye

Haya jamani mambo vipi, leo naongea na maharusi watarajiwa. Najua saa hizi akili yote iko kwenye michango na ukumbi, ila kuna ile saa MC anasema "sasa maharusi wanatufungulia muziki", simu zote juu, na nyie mko pale kati mnayumba kushoto kulia mpaka wimbo uishe. Dakika 5 za kuyumba ni nyingi aisee.

Tuanze na wimbo. Wengi wanachukua Bongo Fleva inayovuma, sio mbaya, ila mimi nawashauri rumba ya Kongo, na sio kwa vile UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2021, ni kwa jinsi ilivyopangwa yenyewe: nyingi zinaanza taratibu, mwimbaji anabembeleza weee, alafu inakuja sebene, magitaa yanachangamka na hata mjomba aliyekuwa anasinzia anaamka. Ile ya taratibu ni yenu wawili, sebene ni ya ukoo mzima. Ila tafuteni mtu anayejua Kilingala awaambie maneno yanasemaje, maana unaweza kukuta wimbo mtamu kumbe jamaa analia ameachwa, au katikati anataja majina ya matajiri ambao ukoo wenu hauwajui.

Mkishapata, ukatwe. Taratibu dakika 2 zinatosha, kisha iingie sebene. DJ mpeni faili lenyewe kwenye flashi na mumtumie na WhatsApp, msimpe jina la wimbo tu, atawapigia ya laivu yenye utangulizi mrefu mjikute mmesimama mnatazamana.

Sasa miguu, angalieni hapa. Bwana harusi mkono wa kulia mgongoni kwa mwenzio, chini kidogo ya bega, sio kiunoni huko, wa kushoto umshike mkono wake wa kulia. Unaanza na mguu wa kushoto, yeye anaanza na wa kulia. Moja, pembeni. Mbili, leta mguu wa pili. Tatu, pembeni tena. Nne, gusa tu chini, usiukanyagie. Alafu mnarudi mlikotoka. Hatua fupi, magoti yalegee kidogo, na msiangalie chini, chini hakuna kitu. Ikikaa vizuri ongezeni kumzungusha: bwana anyanyue mkono wa kushoto, bibi apite chini yake akizungukia kulia kwake, taratibu, mara moja au mbili basi.

Bibi harusi, usifanye mazoezi na ndala alafu siku yenyewe uje na kisigino, vaa viatu vilevile. Na kama gauni lina mkia, funga kanga mbili kiunoni ziburuze nyuma ndo ujizoeze kurudi kinyumenyume, hapo utajua kwanini nasema hatua fupi. Siku yenyewe matron auinue huo mkia aubane kwa nyuma kabla hamjaitwa, na veli ndefu itolewe, la sivyo ukizunguka inakusokota shingoni.

Kitu kingine ambacho kamati nyingi hawakiwazi ni sakafu. Kabla ya muziki kulikuwa na shampeni, imemwagwa palepale mnapochezea, tailizi zimelowa, vipande vya keki navyo viko hapo, kwa hiyo mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya dekio na hiyo ndo iwe kazi yake, asipewe na ya kugawa soda.

Mwisho elewaneni na MC. Gitaa la sebene likilia tu anaita wasimamizi, wakifuatiwa na wazazi pande zote mbili, alafu ukumbi mzima, asianze kuhutubia hapo. Bwana harusi geuka kabisa kamchukue mama mkwe mkono, usisubiri aitwe mara ya pili, na kameraman aambiwe mapema asimame upande wa meza ya wazazi.