Chunusi za vijana wetu na yale madoa yanayobaki

Shikamooni wazazi, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Asanteni kwa kukaa na joto hili. Leo naongelea chunusi, na naomba mzazi yeyote asiseme moyoni kwamba hili ni jambo dogo, maana kule New Zealand waliwauliza wanafunzi wa sekondari 9,567, kama asilimia 14 wakasema chunusi zinawasumbua sana, na hao ndio walioonekana zaidi kuwa na huzuni, wasiwasi, hadi kujaribu kujiua. Mtoto anayekataa kupigwa picha anaweza kuwa anaumia kweli.

Sasa naulizwa sana, eti daktari, chunusi si ni za wazungu, ngozi yetu si ngumu? Hapana jamani. Kijana akibalehe homoni zinapanda, tezi za mafuta zinafanya kazi kupita kiasi, tundu la nywele linaziba, vijidudu vinazaliana mle ndani na ngozi inavimba, na hiyo ni kwa rangi zote. Walio kati ya miaka 12 na 24 wanaozipata ni kama asilimia 85. Na kama baba au mama aliota sana, mtoto naye ana hatari zaidi, kwa hiyo usimwambie ni mchafu, haogi, hapana, anaweza kuosha uso mara kumi na zikaota tu.

Tofauti yetu sisi iko hapa, sikilizeni vizuri. Ngozi nyeusi ikivimba hata kidogo inamwaga rangi pale pale, chunusi inakauka kwa wiki moja lakini doa jeusi linakaa miezi, wengine mwaka na zaidi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2002 ulikuta madoa hayo kwa asilimia 65 ya Wamarekani weusi wenye chunusi, wenye asili ya Asia ni 47. Na ukiitumbua kwa kucha ndio unalikoleza.

Na doa ndilo linalompeleka binti kwenye mkorogo, zile krimu za kujichubua. Hapo ndipo roho inaniuma. Anapewa na rafiki kikopo kisicho na lebo, au tyubu ya krimu yenye steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli, wiki mbili tatu uso unang'aa, chunusi zinanywea, anafurahi, anaongeza. Baada ya miezi anakuja kliniki, ukimtazama kwa karibu ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba hadi mishipa myekundu inaonekana, halafu kuzunguka mdomo na kidevu kuna vipele vidogo vidogo, vyote saizi moja. Hizo ni chunusi za steroidi yenyewe, na akiiacha ghafla uso unalipuka na kuwaka, kwa hiyo anairudia. Kama unaitumia sasa hivi usiogope kutwambia, hatugombezi mtu, tutakuachisha taratibu.

Wengine chanzo ni mafuta ya nywele. Angalia vipele vimejipanga wapi, vikiwa kwenye paji la uso tu pale nywele zinapoanzia, na unapaka mafuta mazito ya mgando kila unaposuka, punguza hayo mafuta kwanza, weka nyuma, usifike ukingoni.

Chakula je? Karanga hazina kesi kubwa. Soda, juisi za sukari na vitu vitamu kila siku vinaweza kuchochea, maziwa kwa baadhi ya watu. Kisiwani Kitava, Papua New Guinea, walikaguliwa watu 1,200 wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, hawakukuta chunusi hata moja, ingawa na damu ya ukoo inaweza kuwa imechangia.

Dawa zipo. Benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo, inayoua vijidudu, na adapaleni usiku, inayozibua vitundu, unapaka uso mzima sio juu ya kipele tu, unaanza siku moja moja ili usiungue maana ngozi ikiungua nayo inaacha doa, na asubuhi losheni ya kukinga jua. Halafu subira ya wiki 8 hadi 12, wengi wanaacha wiki ya tatu. Zikiwa kubwa, za ndani, zinauma, njoo mapema kabla ya makovu.

Yule mama wa nyuma ameuliza kuhusu kijana wake anayetumia dawa za TB ameota vipele kifuani. Ndiyo mama, isoniazidi inaweza kufanya hivyo. Asiache dozi hata siku moja, mlete kliniki tutibu ngozi huku anaendelea na vidonge vyake.