Nani Hupanga Daraja la Umaskini Wetu?

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, akina mama na vijana.

Kila mkulima wa tumbaku aliyeketi hapa anajua ile dakika sokoni: mteuzi anachomoa jani, analitazama, anataja daraja. Jasho la msimu mzima, kuni za bani la kukaushia tumbaku, mkopo wa mbolea, vyote vinasubiri neno lake. Miradi ya kuondoa umaskini nayo ina mteuzi wake, na mara nyingi hatoki Tabora.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu hii. Wanyamwezi walizijua karanga kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, lakini hawakuwa na kiti pale mpango ulipoandikwa. Mwaka 1951 ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zimeshateketea.

Halafu Mbola, hapo Uyui. Mwaka 2006 ilifanywa Kijiji cha Milenia, yaani kijiji cha mfano cha kupewa misaada ya kilimo na afya kwa pamoja, katika mradi uliopiganiwa na mchumi Jeffrey Sachs. Sisemi ulikuwa kazi bure. Chandarua kinaokoa mtoto, na anayekidharau hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Kasoro ilikuwa kwenye kupima. Vijiji vya kulinganisha havikuchaguliwa tangu mwanzo, kwa hiyo hali ilipokuwa nzuri, ungejuaje kama ni mradi, au ni nchi nzima iliyokuwa inasogea? Mwaka 2012 watafiti wa mradi walitangaza kwamba vifo vya watoto vinapungua kwa kasi mara tatu ya ile ya kitaifa. Hesabu ikapingwa, wakaliondoa dai lao. Tathmini ya mwisho ya vijiji vyote 10, iliyotoka mwaka 2018, iliona faida kubwa katika kilimo na afya, na mali za kaya zikiwa zimeongezeka. Ila katika umaskini unaopimwa kwa matumizi ya kaya, haikuona tofauti ya maana.

Na mstari wenyewe wa umaskini, ule ambao aliye chini yake huhesabiwa maskini? Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3. Wana sababu zao za kitaalamu, bei zimepimwa upya. Lakini mama wa Sikonge aliyelala juu ya mstari ameamka chini yake, na sufuria yake ni ileile.

Kipimo ninachokitaka mimi kimo kwenye daftari la chama cha msingi, ushirika wetu wa wakulima. Makato ya pembejeo yakishatoka, kaya imebaki na shilingi ngapi? Februari imewakuta na mahindi ghalani, au wameshaanza kukopa debe kwa jirani? Tuanze kuandika msimu huu huu, kaya za tumbaku na zisizolima tumbaku, vijiji vyenye mradi na visivyo nao, kabla mgeni mwingine hajafika na fomu zake.